Neno Moja Badala ya Mengi: Funzo kutoka Karagwe na Kyerwa

Katika vitabu vya Kiingereza vinavyotumika mashuleni mwetu limo zoezi moja ambalo kila aliyepita kidato cha kwanza analifahamu. Mwanafunzi hupewa fungu la maneno, akaambiwa atoe neno moja tu lenye kubeba maana ile ile. Mtoto aliyefiwa na wazazi wake ni "orphan". Mtu atengenezaye meza na viti ni "carpenter". Muda wa siku 14 ni "fortnight". Kuahirisha mkutano hadi siku nyingine ni "postpone". Zoezi hili huonekana dogo, na aghalabu hufanywa haraka haraka kabla kengele haijalia. Hata hivyo sisi tunaliona kuwa ni zito kuliko linavyodhaniwa, na leo tumekusudia kulitazama kwa kulipeleka mahali ambapo wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba hawajapata kufika, yaani katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera.

Wilaya hizi mbili zilikuwa moja mpaka Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Ziko ukingoni kabisa mwa nchi, zikipakana na Rwanda na Uganda, na Mto Kagera ndio mpaka kwa sehemu kubwa. Mtoto anayezaliwa Nkwenda, Murongo au Kayanga huanza maisha yake kwa lugha ya Kinyambo. Akiingia darasa la kwanza hukuta Kiswahili, ambacho tangu 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali. Akifaulu na kwenda sekondari, masomo karibu yote hugeuka yakawa ya Kiingereza. Na akivuka mto pale Murongo kwenda Kikagati kuuza au kununua, hukuta watu ambao anasikilizana nao bila taabu, kwa kuwa Kinyankole chao na Kinyambo chake ni ndugu wa tumbo moja, lakini stakabadhi na nyaraka za ofisi zao zimeandikwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo mtoto wa Visiwani, ambaye Kiswahili amekinyonya pamoja na maziwa ya mama yake, hupanda ngazi moja kukifikia Kiingereza, ilhali mwenzake wa Kyerwa hupanda ngazi mbili. Lakini wote wawili huulizwa maswali yale yale. Mtoto anaweza kujua vizuri sana jinsi maji ya ziwani yanavyopanda hewani kwa joto la jua, na jinsi yanavyorudi yakawa umande juu ya majani ya mgomba. Kama hakuyajua maneno "evaporation" na "condensation", elimu yake hiyo haitamfaa kitu mbele ya karatasi ya mtihani. Hapo neno moja limesimama mlangoni, na mtoto mwenye akili amebaki nje. Visiwani nako jambo hili si geni, kwani Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na wazazi wanakumbuka mjadala uliofuata.

Yapo mabishano ya siku nyingi juu ya lugha gani itumike sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika huko kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mjadala huo una mahali pake, nasi hatukusudii kuumaliza katika safu hii. Tunachosema ni kwamba, maadamu Kiingereza kingali kikitumika, ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba mtoto wa mkulima anakipata kwa njia iliyo sawa, wala hakiwi mali ya watoto wa wenye uwezo peke yao.

Kwanza tuonyeshe faida ya neno moja lililo barabara. Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Tanzania Bara, iliyotungwa kwa Kiingereza, inatofautisha mtu avunjaye nyumba ya kuishi mchana kwa nia ya kutenda kosa, na yule avunjaye usiku. La kwanza huitwa "housebreaking". La pili, ambalo ni zito zaidi, ni "burglary". Tofauti ya mchana na usiku imo ndani ya neno lenyewe. Vivyo hivyo mwizi anayechukua kwa siri si sawa na mnyang'anyi anayechukua kwa nguvu, na kila mmoja ana jina lake. Karani akiandika neno lisilo lake, mshtakiwa aweza kuadhibiwa kwa kosa asilolitenda, au kuachiwa kwa kosa alilolitenda. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nasi twaongeza kwamba kujikwaa kalamu ni vivyo hivyo.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mafungu ya maneno nayo yana kazi yake. Mwaka 1930 mtaalamu mmoja Mwingereza, C. K. Ogden, alitoa mpango wa Kiingereza chepesi chenye maneno 850 tu, kwa ajili ya wageni wanaojifunza. Vitenzi vyake havikuzidi 18. Kwa kufanya hivyo aliyaondoa maelfu ya maneno mahsusi na kuweka mafungu mahali pake: badala ya neno la "kuingia" mtu aseme "kwenda ndani", badala ya "kupanda" aseme "kwenda juu". Mpango huo haukuenea kama alivyotumaini, lakini ulithibitisha jambo moja la maana, kwamba mwanafunzi mchanga huweza kujieleza kwa maneno machache akiyaunganisha. Kwa hiyo mwalimu asimkemee mtoto wa kidato cha kwanza anayesema kwa Kiingereza "mtu asiyeweza kuona" kwa sababu hajalijua neno la kipofu. Mtoto huyo amekwisha fika nusu ya safari, maana anayo maana kamili, na kilichobaki ni kumpa chombo cha kuibebea. Hatari ni kwa yule aliyekariri neno "blind" lakini hajui limsemalo nani.

Sasa twende kwenye jambo ambalo Karagwe na Kyerwa zinatufundisha sisi sote. Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi, wanaodhani kwamba Kiingereza kina neno moja kwa kila kitu na kwamba lugha zetu hulazimika kuzungukazunguka kwa maneno mengi. Dhana hiyo si kweli. Kila lugha huwa na neno moja lililo kamili pale ambapo wenye lugha hiyo wamefanya kazi kwa muda mrefu, wakapata faida au wakapata mateso.

Tuchukue neno "butura". Mkulima wa kahawa wa Kagera anapopatwa na shida, kama ada ya mtoto, ugonjwa au njaa ya kabla ya mavuno, hutokea mtu mwenye fedha akamnunulia kahawa yake ingali maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ndogo mno. Msimu ukifika, kahawa ni ya yule mwenye fedha, na mkulima hubaki akitazama jasho lake likipakiwa katika magunia ya mwingine. Hayo yote, pamoja na huzuni yake, yamo ndani ya neno "butura". Kiswahili cha kawaida huhitaji sentensi nzima kulieleza, na Kiingereza vivyo hivyo. Ndiyo maana viongozi wa Serikali katika mkoa huo, wanapoipiga marufuku biashara hiyo, hulitumia neno lenyewe bila kulitafsiri. Kila mkulima hulielewa mara moja, na hakuna mlanguzi awezaye kujisingizia kuwa hakuelewa agizo lilihusu nini.

Tuchukue tena neno "nyarubanja". Huo ulikuwa utaratibu wa kimwinyi wa kumiliki ardhi katika mkoa huo, ambapo mkulima aliyekilima na kukitunza kibanja alihesabiwa kuwa mpangaji wa bwana fulani na kulazimika kumtolea malipo. Baada ya Uhuru Serikali iliukomesha kwa sheria ya mwaka 1965, ili wapangaji wawe wenyewe wa ardhi waliyoitolea jasho. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini neno "nyarubanja" limo katika jina lake, kwa kuwa waandishi wa sheria hawakuona neno la Kiingereza lililotosha. Hapa ni Kiingereza kilichokuja kuazima kwetu. Mkulima asiyejua kusoma aliweza kuelewa kwamba sheria inamsema yeye.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanayo mifano yao. Mwingereza ana neno moja tu kwa nazi, kisha huongeza maelezo. Sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, kila kimoja na wakati wake, na mbata juu yake. Tuna mpunga shambani, mchele ghalani na wali mezani, ambavyo yeye huviita vyote kwa jina moja. Mchumaji wa Pemba hachanganyi karafuu na makonyo, wala makonyo na mpeta. Na katika ujamaa wetu mjomba si baba mdogo, ilhali Kiingereza huwaita wote "uncle" na kuacha mtu aulize ni wa upande gani. Basi tusione haya kwa lugha zetu.

Wala si jambo geni kwa Karagwe kukutana na lugha nyingi. Misafara ya biashara iliyotoka pwani na Unguja ilifika huko katika karne ya 19, na wafanyabiashara walikuwa na kituo chao Kafuro, jirani na makao ya mfalme. Mwingereza John Hanning Speke, aliyeanza safari yake kutoka Unguja mwaka 1860, alipofika mbele ya Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliandika kwamba mfalme huyo alimpa salamu kwa Kiswahili kizuri. Yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya Serikali kuamuru Kiswahili kifundishiwe katika shule za msingi, mtawala wa Karagwe alikwisha jifunza lugha ya Visiwani na pwani kwa ajili ya mahitaji yake, bila kuiacha lugha yake. Funzo hilo linawatosha wale wanaodhani kwamba ili mtoto ajue Kiingereza lazima kwanza asahau Kinyambo.

Kiswahili chenyewe kimetajirika kwa kuazima neno moja lililo kamili kutoka kwa ndugu zake. Neno "ngeli", ambalo kila mwalimu wa sarufi hulitumia kutoka Micheweni hadi Kyela, asili yake ni Kihaya, lugha jirani na ndugu ya Kinyambo, na maana yake ni aina. Mwalimu Nyerere alipoachia madaraka ya Urais mwaka 1985, taifa zima lilijifunza kutoka Kizanaki neno "kung'atuka", likaokoa fungu refu la maneno juu ya mtu kuondoka kwa hiari na kuwapisha wengine. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa 1967, limefanya kazi hiyo ya istilahi kwa miaka mingi, na neno "usanisinuru" ni ushahidi kwamba hata mambo ya maabara yana nafasi katika lugha yetu. Kinyambo nacho kimepata heshima yake, kwani msamiati wake pamoja na tafsiri za Kiswahili na Kiingereza ulikusanywa na Profesa Josephat Rugemalira na kuchapwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Kitabu cha namna hiyo, chenye lugha tatu bega kwa bega, ndicho hasa kinachostahili kuwa katika maktaba ya kila shule ya Karagwe na Kyerwa.

Tukitoka hapo twaweza kusema zoezi la neno moja lifundishwe vipi. Kwanza, lianze na kitu au tendo lenyewe, si na orodha. Mwalimu atembee mbele ya darasa kwa kunyata, kisha kwa kuchechemea, kisha atambae. Watoto wataje neno la Kinyambo, kisha la Kiswahili, na mwisho ndipo wapewe "creep", "limp" na "crawl". Hakuna atakayeyasahau. Afanye hivyo hivyo kwa kutazama: kuchungulia, kukodoa macho, kukagua. Kwa kila moja Kiingereza kina neno lake, na mtoto ataona kwamba kumbe tofauti hizo alizijua tangu nyumbani.

Pili, watoto waonyeshwe jinsi maneno yanavyozaa maneno. Mtoto wa Kibantu ni bingwa wa jambo hili bila kujijua. Kutoka "pika" anapata pikia, pikisha, pikwa na pikika, na neno lake moja "nitakupikia" humgharimu Mwingereza maneno matano. Aonyeshwe kwamba kile kiambishi chake cha "someka", "lika" na "nyweka" kina ndugu yake katika Kiingereza, mwishoni mwa neno "readable", yaani yenye kusomeka. Aonyeshwe kwamba "homeless" ni asiye na makazi, na kwamba mkia ule ule wa "-less" utamfungulia maneno mengine kadha wa kadha. Mwanafunzi aliyepata ufunguo huo hana haja ya kukariri orodha ya maneno 100 kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kila neno jipya litumike siku hiyo hiyo katika sentensi inayohusu maisha ya mahali pale: kahawa, migomba, ng'ombe, soko la Omurushaka, daraja la Murongo. Neno lisilopata kazi hutoroka.

Nasi tunapenda kuwakumbusha watumishi wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani, kwamba zoezi hili si la watoto peke yao. Mwanzoni mwa 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kuzitafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza inadai istilahi zilizo barabara, maana neno moja la Kiingereza lililowekewa fungu legelege la Kiswahili laweza kumpotezea mwananchi haki yake. Waandishi wa sheria wasione vibaya kuuliza Kagera, Kigoma au Makunduchi kabla hawajatunga neno jipya. Huenda wananchi wanalo tayari, kama walivyokuwa nalo "nyarubanja".

Aidha, watumishi wajihadhari na neno moja linalodhalilisha. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni zilizofuata, tulizoea kusema "kufuta ujinga" tukiwa na maana ya kuwafundisha watu kusoma na kuandika. Kazi ile ilikuwa njema na ya kujivunia, lakini neno lilikuwa pana mno. Mzee wa Karagwe ajuaye kila aina ya mgomba katika kibanja chake, na ajuaye mvua kabla haijanyesha, si mjinga kwa sababu tu hakupata kushika kalamu. Katika mahali hapo fungu la maneno, "asiyejua kusoma na kuandika", lina haki na adabu kuliko neno moja. Ufupi ni mzuri pale tu usipomvunjia mtu heshima yake wala kuipunguza kweli.

Na wapo wanaolitumia neno zito kama pazia. Mkulima anayeletewa mkataba wa mkopo wenye maneno mawili matatu ya Kiingereza yasiyofafanuliwa hana tofauti na aliyefungwa kitambaa machoni. Visiwani tunalijua neno "rehani", na tunajua jinsi mikarafuu ya wakulima wengi ilivyotiwa rehani kwa wakopeshaji katika enzi za ukoloni. Ofisa wa ushirika na ofisa kilimo wahakikishe kwamba hakuna dole gumba linalowekwa kwenye karatasi mpaka kila neno limesemwa kwa lugha anayoielewa mwenye dole. Neno likiwa sahihi lakini msikilizaji halijui, kazi yake haijatimia.

Tunazisihi Halmashauri za Wilaya za Karagwe na Kyerwa, na wenzao wa Visiwani, wawape walimu wa lugha vitabu, kamusi na muda wa kutosha. Tunawasihi walimu wasiione lugha ya nyumbani kuwa adui wa Kiingereza. Tunawasihi wazazi wazungumze na watoto wao kwa lugha wanazozimudu, kwa maneno kamili na yenye uzito, maana mtoto aliyezoea kutofautisha dafu na koroma, au kahawa iliyouzwa sokoni na kahawa iliyokwenda kwa "butura", amekwisha andaliwa kulitafuta neno lililo sahihi katika lugha yoyote atakayofundishwa. Kiingereza akipewa kwa njia hiyo, kitakuwa chombo mkononi mwake kama jembe, naye atalima nacho bila kumwomba mtu ruhusa.